Nani Aubebe Mgomba wa Gwamaka

Hapo zamani, wakati kupanda hadi Ziwa Lukwego ilikuwa kazi ya asubuhi nzima na hakuna aliyekwenda huko kwa matembezi, aliishi mjane mmoja jina lake Tumpe. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Gwamaka, na ng'ombe mmoja tu, mtamba ambaye hajazaa bado. Mtamba huyo alikuwa wa mahari ya Gwamaka. Bila mtamba, harusi hakuna. Mmenielewa? Haya, twende.

Ziwa lenyewe liko juu mlimani, ndani ya shimo lililozungukwa na magenge ya miamba pande zote. Maji yake ni ya baridi, ukitia mkono unautoa upesi. Ukungu hushuka pale bila hodi. Na watu wa mlima ule wana mwiko wao: ukifika ziwani, humwiti mwenzako kwa jina. Wanasema ziwa likisikia jina hulishika, na likilishika humtaka mwenyewe. Ukimtafuta mwenzako unagonga fimbo kwenye mti, naye anakujibu kwa kugonga. Mimi sijui kama ni kweli. Nawaambia walivyofanya wao.

Siku moja mtamba akakata kamba, akapotea. Tumpe alikasirika, kwa sababu Gwamaka ndiye aliyemfunga, na alimfunga hovyo. Akamwambia, "Nenda ukamtafute. Na bila mtamba usirudi hapa kwangu!"

Gwamaka akaenda. Hakwenda peke yake. Alikwenda na Asegelile, mtoto wa baba yake mkubwa. Alikwenda na Lutengano, rafiki yake tangu wakiwa wachunga ndama. Alikwenda na Mwaipopo, kaka wa msichana ambaye Gwamaka alitaka kumwoa. Wakafuata alama za kwato mpaka ukingoni mwa ziwa, na hapo alama zikapotelea kwenye majani. Wakatawanyika, kila mtu na upande wake.

Mwaipopo ndiye aliyemwona mtamba. Alikuwa chini kwenye kijito, anakunywa maji yake taratibu, wala hana habari. Mwaipopo akafurahi! Je, alirudi juu kuwaambia wenzake? Thubutu! Alimswaga mtamba moja kwa moja mpaka zizini kwa baba yake. Alisema moyoni, "Si anakuja kwetu hata hivyo?" Na jua lilikuwa bado linawaka.

Wale watatu wakabaki wanamtafuta ng'ombe aliyekwisha kupatikana. Mchana ukungu ukashuka, mtu haoni hata mkono wake. Asegelile alikuwa upande wa matete. Akamsikia Gwamaka anauliza, "Mko wapi?" Sauti ilikuwa karibu kabisa. Asegelile akagonga fimbo kwenye mti. Akagonga, akagonga. Lakini ndani ya shimo lile mlio hugonga genge hili ukarudia genge lile, hujui unatoka wapi. Gwamaka akauliza tena, "Mko wapi jamani?" Safari hii sauti ilikuwa mbali kidogo. Asegelile akazidi kugonga. Hakufungua kinywa.

Lutengano, aliyekuwa upande mwingine, akashindwa kuvumilia. Akapaza sauti: "Gwamaka! Gwamaka, njoo huku!"

Gwamaka akajibu, "Nakuja!"

Hakuja. Wakasubiri, hakuja. Ukungu ulipoinuka, ziwa lilikuwa limetulia na Gwamaka hayupo. Kesho yake kijiji kizima kikapanda. Wakapekua matete, wakazunguka maji, wakachungulia kila pango. Hapakuwa na shuka, hapakuwa na fimbo, hapakuwa na alama ya mguu kwenye tope. Wengine wakasema amezama. Wengine wakasema amevuka mlima kwa sababu aliogopa kurudi bila mtamba. Mchuuzi mmoja wa chumvi akaapa kwamba kamwona ng'ambo, wakatumwa watu, wakamkuta mtu mwingine, hata hafanani naye. Basi ikawa hivyo. Mkiniuliza mimi alikwenda wapi, nitawajibu sijui.

Masika yakapita, yakaja mengine. Ikabidi azikwe.

Sasa sikilizeni vizuri, na wewe uliye huko nyuma acha kunong'ona. Watu wale, mtu akipotea na mwili wake usionekane, hukata mgomba, wakauvika nguo zake, wakauzika. Mgomba huo haubebwi na wengi. Hubebwa na mtu mmoja, begani, kutoka shambani mpaka kaburini, na mtu huyo ni yule aliyempoteza marehemu. Hapigwi wala hatukanwi. Ila tangu siku hiyo anashika nafasi ya aliyepotea. Atamlimia yule mama, atamkatia kuni, atamwezekea nyumba, na siku mama akifa yeye ndiye atakayemzika.

Na mpaka udongo uanguke kaburini, mama mfiwa halali kitandani wala hawashi moto jikoni mwake. Hukaa kwenye mkeka barazani. Baridi ya kule mnaijua? Hamuijui nyinyi. Tumpe alikuwa amekonda, na kifua kilikuwa kimembana. Alikohoa mpaka waliomsikia wakaangalia pembeni.

Kaburi likachimbwa. Msimamizi wa mazishi akauliza, "Nani anabeba?"

Asegelile akasema, "Si mimi. Mimi nilishika mwiko. Nyinyi wenyewe mlinifundisha ziwani mtu hatamki jina, leo mnilaumu kwa kuwatii? Aliyelitaja jina ni Lutengano. Alipolitaja tu, ndugu yangu hakusikika tena."

Lutengano akaruka juu. "Nililitaja, ndiyo! Na ni mimi pekee niliyejibiwa! Wewe ulikuwa karibu naye, sauti yako anaijua tangu utotoni, ukakaa unagonga mti kama kigong'ota. Ungesema hata neno moja, 'huku', si angekufuata? Na wala ukungu usingetukuta kule kama huyu bwana harusi wa ng'ombe angerudi kutuambia."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaona aibu.

Mwaipopo akasema, "Tulitumwa mtamba, nikampata mtamba. Ukungu uliposhuka mimi nilikuwa nyumbani. Mtu asiyekuwapo atampotezaje mwenzake?"

Wakabishana. Mvua ikaanza kunyesha, maji yakawa yanaingia kaburini. Wanasukumiana tu, si wewe, si mimi, ni yule. Na barazani Tumpe anakohoa.

Kisha Tumpe akanyanyuka. Akachukua panga, akaingia migombani, akakata mgomba, akauvika shuka la mwanawe lililobaki nyumbani. Akainama autie begani. Mgomba ukamwelemea, akapiga magoti.

Msimamizi akamkimbilia. "Mama, uache! Mama mfiwa habebi."

"Si mnamtafuta aliyempoteza?" Tumpe akasema. "Nilimwambia bila mtamba usirudi hapa kwangu. Hawa walikwenda kumsaidia. Mimi ndiye niliyemfukuza. Na hakurudi."



Lutengano akaja mbio, akatia mkono chini ya mgomba. "Mama, niachie. Jina nililitaja mimi."

Mwaipopo naye akaja. "Niachie mimi, Mama. Alipokuwa anauliza mko wapi, mtamba wake alikuwa zizini kwetu."

Asegelile akaja mwisho, analia waziwazi. "Mama mdogo, alikuwa karibu nami. Nilimsikia. Nilinyamaza."

Tumpe akaukumbatia mgomba. Akawatazama mmoja mmoja. "Tangu asubuhi mmeukataa. Sasa mmeniona nimeanguka, mnanionea huruma. Mimi sitaki mtoto wa huruma. Nataka kumzika wangu."

Msimamizi akabaki ameshika kichwa. Watu wawili wakibeba, mazishi yamebatilika, itabidi yarudiwe siku nyingine, na kwa kifua kile mama hana siku nyingine. Mama akiubeba mwenyewe, atakuwa amemzika mwanawe kwa ukweli anaoujua, lakini akitoka kaburini hana mtoto, hana wa kumkatia kuni, na baridi inakuja. Akinyang'anywa akapewa mmoja wa wale, atapata wa kumtunza. Ila kila akimwona anaingia na mzigo wa kuni, atakumbuka kwamba siku ile hawakumwachia amlilie mtoto wake anavyotaka.

Mvua inanyesha, kaburi linajaa, na mgomba umelala kwenye tope, wote wanne wameushika.

Semeni basi, nyinyi mliokaa pakavu. Na asiniambie mtu "wote", maana nimekwisha kusema wote hawabebi. Yuko aliyenyamaza, yuko aliyeita, yuko asiyerudi kusema, na yuko mama aliyefukuza. Je, nani alistahili kuubeba?