Mghoi, Bega la Jabali, na Milango Tisa ya Irindi

Niambieni, ninyi mliokaa hapa na vyeti vyenu ndani ya bahasha za kaki: mnadhani nchi hii ya Irindi ilianzishwa na mtu aliyeshika barua ya mjomba wake? Thubutu! Ilianzishwa na mwanamke, Mghoi binti Nyambu mfua majembe, mjukuu wa Righa aliyemuua chui kwa mchi. Mghoi Bega la Jabali, Mghoi Ulimi Usiofunikwa, ambaye akiwa msichana bado alimtoa ng'ombe shimoni kama wewe unavyoepua sufuria ya ugali.

Zama hizo za mababu, kabla ya mipaka na bendera, palikuwa na vilima saba visivyopendana na mfalme mmoja, Mwakisha, aliyekaa kilima cha juu kabisa. Kumfikia ilibidi upite milango tisa, na kila mlango ulikuwa na bwana wake, ameketi juu ya kigoda alichorithi kwa babake, naye babake kwa babu, bila yeyote kuulizwa hata siku moja kama kazi anaijua. Na desturi ya mabwana hao ilikuwa hii: habari mbaya haiendi kwa mfalme ikiwa uchi. Mjumbe akiisema mlangoni, bwana huifunika kwa neno moja tamu na kuipeleka mlango wa pili, na bwana wa huko naye huongeza lake. Wao waliita adabu. Mimi naita ujinga uliovaa kilemba.

Basi mwaka wa mvua kubwa, mto Ngoloki ulivunja kingo zake ukaingia bonde la Msau, kwao Mghoi, ukabeba mtama, ukabeba mifugo, ukabeba watu kumi na wanne. Mvua ya pili ilikuwa njiani, na usipochimbwa mfereji wa kuugeuza mto, Msau yote ingekwisha. Kazi hiyo ilitaka mikono ya vilima vyote saba, na ngoma ya kuviita vilima saba ilikuwa moja tu, ya mfalme. Wakatuma mjumbe: "Mto unatuua. Tuitie watu."

Mlango wa kwanza ikawa mto umewatembelea. Mlango wa nne, mto umewakumbuka. Kufika wa tisa, Mwakisha akaambiwa: "Bonde la Msau limejaliwa maji tele, na watu wake wanakushukuru." Mfalme akafurahi kweli kweli. Akajibu wacheze siku tatu, kisha wamletee fahali wa shukrani.

Jibu hilo liliwakuta watu wakizika.

Mghoi hakulia. Alishuka mtoni, akamng'oa matopeni fahali aliyekufa maji siku nne nyuma, amevimba mpaka miguu imesimama, akamtupa begani, akaanza kupanda. "Mfalme ameomba fahali," alisema. "Atampata."

Mlango wa kwanza alikuwako Mwazighe, mzee wa kitambi na funguo nyingi zisizofungua chochote. Aliziba pua kwa shuka.

"We mama! Umetumwa na nani?"

"Na waliokufa."

"Nauliza, nani anakujua huku ndani? Huna mtu? Rudi kesho."

Yaani, come tomorrow. Mnaona, wasee? Huu ugonjwa haukuanza jana.

"Mzee wangu, mtu sina, nina fahali," akasema Mghoi. "Haya, mfunike. Neno tamu la kumtosha unalo?"

Mwazighe akatafuta neno. Akafungua kinywa, na inzi walioandamana na fahali wakaingia kabla neno halijatoka. Akakimbia, akaacha kigoda kimeanguka. Kwa milango mingine harufu ilitangulia kufanya kazi; mabwana waliruka ua na vilemba mkononi. Mlango wa saba Mghoi alikuta joho limekalishwa kigodani na ndani ya joho hamna mtu: bwana alikufa miaka sita iliyopita, na jamaa zake walikuwa bado wanampokelea mnofu wake kila sikukuu.

Mbele ya Mwakisha alimtua fahali, na ardhi ikatikisika.

"Mfalme, haya ndiyo maji tuliyojaliwa. Mvua ya pili iko siku tisa kutoka leo. Piga ngoma, la sivyo utatawala matope."

Mwakisha alimtazama fahali, kisha akawauliza mabwana, waliokuwa wamejibanza nyuma ya ghala: "Nani kati yenu amewahi kufika Msau?" Wakasukumana, kila mmoja akijificha nyuma ya mwenzake. "Hata mmoja?" Mfalme akainuka, akapiga ngoma kwa mkono wake mwenyewe.

Vilima saba vikashuka na majembe. Siku nane walichimba, na jabali lililoziba njia Mghoi alilisukuma kwa bega mpaka likabingirika kama boga. Siku ya tisa mvua ikaja, Ngoloki ukanguruma, ukageuka, na Msau ikabaki imesimama.

Hapo Mwakisha akamkabidhi milango yote na fimbo yake ya utawala. Mghoi alichoma vigoda sita, akabakiza vitatu: cha maji na mashamba, cha chakula, cha mashauri. Akatangaza sokoni kila kilima kwamba anayetaka kigoda aje, awe wa ukoo wowote. Mtihani ulikuwa kutembea hadi nyumba ya mwisho ya kilima utakachotajiwa, kurudi, na kusema ulichoona mbele ya mwenye nyumba hiyo. Mwazighe naye alijaribu. Akarudi akisema watu wa kilima cha Kirumbi hawajambo, wananenepa. Bibi Wakesho wa Kirumbi akasimama: "Baba, wewe ulilala kwa shemeji yako. Kwangu paa limeanguka tangu juzi." Watu wakacheka mpaka wakashikana. Ndugu wa Mghoi mwenyewe alishindwa pia, na dada yake akamwambia: "Nakupenda, kaka. Nenda ukalime." Aliyeshinda wote ni Mkamburi, binti wa mfinyanzi, asiyejulikana na yeyote.

Tangu hapo habari iliyokuwa ikitambaa mlango kwa mlango ikafika kwa siku moja, na ikafika uchi. Vilima vilivyokuwa vikiibiana mbuzi vikaanza kujiita kwa jina moja, Irindi.

Kisha Mghoi akaweka sheria: hakuna atakayekalia kigoda zaidi ya mavuno saba, hata mwenye fimbo. Mavuno yake ya saba yalipoingia ghalani, wazee walimjia wakipiga magoti. "Mama, ongeza kidogo tu. Nchi itayumba."

"Nchi inayoyumba mtu mmoja akiinuka," alisema Mghoi Bega la Jabali, "bado haijajengwa."

Akainuka. Akampa Mkamburi fimbo, akavuka Ngoloki kwa miguu, akaingia msituni, asionekane tena; kaburi lake halijulikani. Ndiyo maana hadi leo, Irindi ikimtawaza mtu, yeye husimama, na haketi mpaka mkaaji wa nyumba ya mbali kuliko zote amwambie, "Kaa."

Na ninyi mlioko maofisini sasa hivi, mnaoapa kwa jina lake na kuwagawia watoto wa shangazi nafasi za kazi harusini: zitangazeni kazi sokoni, kila kilima. Mtihani ufanyike mbele ya watu, na muufanye ninyi kwanza. Mwenye mavuno saba ainuke leo. Sisi tayari tumesimama.