Wakili Aliyepakwa Plasta

Wapendwa, mfano huu nimeutunga mwenyewe, msiende kuutafuta vitabuni. Huko Marekani, enzi za treni za makaa ya mawe, alikuwepo wakili aliyejua kuongea mpaka mahakama nzima ikalia. Alianza kwa kuzunguka vijijini juu ya farasi akitetea wanyonge, hadi akaingia bungeni. Sasa alikuwa anautaka ugavana, na chama chake kikaamua achongewe sanamu.

Enzi hizo mchongaji alikulaza chali, akakupaka plasta, ule unga mweupe wa jasi uliokorogwa na maji, uso mzima ili apate chapa ya sura yako, akakuachia matundu ya pua tu. Ukitikisika kabla haijakauka, inapasuka. Mara nyingi waliopakwa hivyo walikuwa maiti.

Basi wakili wetu akalazwa, akapakwa. Giza tupu machoni, mdomo umezibwa. Mchongaji akatoka kwenda kunawa mikono. Ndipo mlango ukafunguka, na nyayo zikaja taratibu hadi pale alipolala.

"Bwana wakili?"

Akaitambua sauti. Alikuwa dada wa kijana mmoja ambaye wakili huyu alimtetea mahakamani akashindwa, na kijana huyo alikuwa anyongwe kesho yake. Wakili alijua fika kwamba kijana hana hatia. Neno lake kwa gavana aliyekuwa madarakani lingemwokoa, na gavana alikuwa anasafiri jioni ileile. Lakini wapiga kura walitaka kijana anyongwe, kwa hiyo wakili alikuwa anamkwepa huyu dada kila alipomtafuta.

"Mungu wangu," dada akanong'ona. "Umekufa! Sasa mdogo wangu nani atamsemea?"

Akalia. Machozi yakamdondokea wakili mkononi, ya moto kabisa. Wakili alisikia huruma, tena huruma ya kweli. Mdomo ulizibwa, sawa. Na mikono je? Mikono ilikuwa huru, ndugu zangu! Si angenyanyua kidole tu? Lakini akaiwazia plasta, akaiwazia sanamu, akaziwazia kura. "Mchongaji akirudi atamweleza kwamba niko hai," akajisemea moyoni.

Yule dada akaishika mikono yake, akaikunja juu ya kifua kama wanavyofanyiwa marehemu. Naye akaiacha ikunjwe. Akasikia nyayo zikienda na mlango ukifungwa. Baadaye, kwa mbali, treni ya gavana ikapiga filimbi.

Mchongaji aliporudi aliibandua plasta, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Imeharibika?" wakili akauliza.

"Haina hata ufa. Nimewapaka wafu wengi, mheshimiwa. Hakuna aliyetulia kama wewe."

Na sisi je? Jirani anapigwa na mumewe, sisi tunaongeza sauti ya redio. Mwenzetu anasingiziwa kazini, tunainamia simu. Halafu tunasema, "Ningefanyaje, mimi sina sauti." Wewe uliyekaa hapa mbele, na wewe uliyejificha nyuma ya nguzo, sikuulizi habari ya sauti. Nakuuliza habari ya mikono. Yupo mtu aliyesimama mbele yako wiki hii, na ameshaanza kukulilia kama marehemu. Nyanyua kidole, mpendwa, kabla hajaufikia mlango.