Dazeni ya Nepi za Kaluki

Kabla nepi za kutupa hazijafika Kanyangi, nyumba iliyopata mtoto ilijulikana kwa kamba yake ya nguo. Mpita njia hakuhitaji kuuliza. Alitupa jicho uani, akaona vipande vya leso vikipepea, kimoja chekundu kilichofifia, kingine cha manjano ya miaka mingi, kingine chenye nusu ya methali ambayo hakuna aliyekumbuka iliishia wapi. Alivua kofia, akasema, "Mungu ni mwema," kisha akaendelea na safari yake. Siku hizo leso iliishi mara mbili: kwanza ikiwa mpya kiunoni mwa mama, halafu ikiwa kuukuu matakoni mwa mwana. Ilipochoka kabisa, ilikwenda kufia katika moshi wa kurina asali, na hata nyuki waliiheshimu.

Mwaka wa 1974, Kaluki, mke wa Kisilu, alijifungua binti baada ya kungoja miaka sita. Mtoto akaitwa Mutindi, kwa sababu alikawia njiani. Siku ya nne wanawake wa ukoo walifika wakiongozwa na Ndila, mama yake Kisilu, mwanamke mwembamba kama mwiko lakini mwenye ulimi uliopikwa ukaiva. Kila mmoja alileta kipande cha leso yake kuukuu. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Kanyangi. Nguo ya kwanza ya mtoto haikununuliwa, iliombwa; wala haikukatwa kwa mkasi, ilipasuliwa kwa mkono, ili mtoto aguswe na kila mama wa nyumba hiyo.

"Haya, mke wa mwanangu," Ndila alisema akiweka furushi kitandani. "Humu mna ukoo mzima. Akikojoa, ametukojolea sote, na hakuna atakayekasirika."

Kaluki alishukuru kwa mdomo. Moyoni alitamani vitu vingine. Alikuwa amemaliza darasa la saba, na mumewe alikuwa mfanyakazi wa bustani katika kituo cha utafiti wa kilimo kule Kiboko, kando ya barabara kuu. Mke wa mtu wa Kiboko, alijiambia, hawezi kuanika matambara mbele ya walimwengu.

Ombi lake lilijibiwa kabla hata hajalisema. Jumamosi ile Kisilu alifika na katoni begani, akiwa amepitia mjini Kitui, katika duka la Othman na mkewe Hasina. Ndani ya katoni mlikuwa na dazeni nzima ya nepi za taulo, nyeupe kama maziwa ya alfajiri, pini zenye vichwa vya buluu, na chupi mbili za plastiki za kuvalishwa juu.

"Mabwana shamba wa Kiboko ndivyo wanavyowafunga watoto wao," Kisilu alisema, kifua mbele kama jogoo aliyeahidiwa kura. "Binti yangu hatafungwa vitambaa kama kidonda."

Ndila alikuwa amekaa pale pale, akisokota uzi wa kiondo juu ya paja lake. Hakuinua kichwa.

"Mwanangu, kitambaa hicho kina sifa gani?"

"Kinanyonya maji, mama. Hata akikojoa mara tatu, kinanyonya tu."

"Basi kina kiu," Ndila akajibu. "Na sisi pia."

Alijifunga leso yake kiunoni, akashika njia. Kwa miezi minne hakukanyaga tena ua huo.

Kisilu alirudi kazini, naye Kaluki akaanza kutawala. Jumatatu nepi kumi na mbili zilipanda kambani kwa mara ya kwanza. Inasemekana kundi la yange, wale ndege weupe, waliokuwa safarini liliziona kutoka juu, likashuka kusalimia jamaa zake. Wanawake walivuka mabonde mawili kuja kutazama. Jumapili kanisani Kaluki alimbadilisha mtoto mara tatu ilhali alikuwa mkavu kama unga, na kila mara alikunjua nepi taratibu mpaka mhubiri mwenyewe akasahau aya aliyokuwa akiisoma.

Na furushi la leso? Kaluki alimpa shemeji yake Mutunga akavalishe sanamu za kufukuza ndege katika shamba la mtama. Ndege wa Kanyangi, ambao ni watu wa adabu, walizitazama sanamu zilizofungwa nepi, wakaona aibu, wakahamia shamba la jirani kwa siku mbili. Siku ya tatu mbuzi wa Mzee Kiilu waliingia shambani, wakazila zile leso zote, pindo na maua yake. Mutunga alipoleta habari, Kaluki alicheka. "Waache," alisema. "Ni matambara tu."

Mvua za mwaka huo zilikuwa kama ahadi ya mlevi. Mto uligeuka barabara ya mchanga. Visima walivyochimba humo vilikwenda chini, chini tena, hadi mtu aliyekuwa ndani akawa anauliza aliye juu kama bado ni mchana. Mwishowe vikakauka, ikabidi watu waende kwenye kisima cha pampu kule bondeni, ambacho maji yake yalikuwa ya chumvi. Ukikoroga sabuni humo, haikutoa povu. Iliganda juu kama utandu wa uji.

Hapo ndipo Kaluki alipozitambua nepi zake. Leso kuukuu ingefuliwa kwa kata mbili za maji na kukauka kabla hujamaliza kuimba ubeti wa pili wa wimbo. Nepi ya taulo ilikunywa debe, na ulipoikamua ilikurudishia kikombe. Punda wa Kaluki, aliyekuwa akibeba maji mara moja kwa siku, sasa alikwenda mara tatu, na alipoona kitu cheupe kambani alijificha nyuma ya ghala na kujifanya kichaka. Zilichukua siku nzima kukauka, na zilipokauka zilikuwa ngumu kama ngozi ya ng'ombe iliyowambwa. Uliweza kuisimamisha nepi barazani nayo ikasimama. Mzee Kiilu, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti, aliisalimia moja jioni akidhani ni mtoto wa jirani, akaondoka akinung'unika kwamba kizazi cha sasa hakiitikii wazee.

Kanyangi ilicheka. Mtoto hakucheka.

Ngozi ya Mutindi ilianza kwa wekundu mdogo penye mapaja. Kitambaa kilimkwaruza kama msasa, na juu yake chupi ya plastiki ikafungia joto lote ndani, mithili ya sufuria yenye kifuniko. Wekundu ukawa malengelenge, malengelenge yakawa vidonda. Kaluki alimpeleka zahanati akapewa dawa ya kupaka na kuambiwa amweke mkavu. Vidonda vilipoa siku tatu, kisha nepi ikavirudia. Mtoto aliyekuwa akinyonya kwa pupa sasa alishika titi, akalia, akaliachia. Mashavu yalianza kushuka. Mtoto aliyengojewa miaka sita alikuwa anayeyuka mbele ya mama yake kama mshumaa penye upepo.

"Shemeji, si umuulize mama?" Mutunga alisema siku moja.

"Nimwambie nini? Kwamba mbuzi wamekula ukoo mzima?"

Mutunga akakuna kichwa. "Ukisema hivyo, kweli ni vigumu."

Kaluki alijishauri usiku kucha, akafikia uamuzi mmoja: nepi hizi si za daraja la juu. Lazima zipo bora zaidi, laini zaidi, ambazo Kisilu hakuonyeshwa. Kulipokucha alimfunga mtoto mgongoni, akachukua kuku wake wawili wa kutaga, akaenda mjini Kitui.

Duka la Othman lilikuwa karibu na msikiti. Othman alikuwa amekwenda Mwingi kuleta mali, na nyuma ya meza alisimama Hasina, mwanamke mnene mwenye uso wa furaha, ambaye wazazi wake walitoka pwani.

"Karibu, mwanangu. Kuku wazuri hao. Wanauzwa?"

"Nataka nepi, mama. Zile laini kabisa. Zile ambazo hamwonyeshi kila mtu."

Kabla Hasina hajajibu, kilio kilisikika nyuma ya pazia. "Ngoja kidogo, mjukuu wangu ameamka," akasema, kisha akaongeza, "Njoo ndani, wako pia analia. Mama wa kichanga hasimamishwi dukani."

Kaluki aliingia. Uani, kwenye kamba, hapakuwa na nepi hata moja nyeupe. Palikuwa na vipande vya kanga kuukuu, safu mbili, vimefifia hadi rangi zake zilikuwa kama kumbukumbu. Mjukuu wa Hasina alilala mkekani, ameviringwa kipande cha aina hiyo hiyo, mapaja yake manono yaking'aa kama andazi lililotoka mafutani.

Kaluki alisimama kama aliyepigwa na radi.

"Mama, huyu mbona hukumvalisha zile za dukani?"

"Winda la huyu? Hiyo kanga niliolewa nayo, bibi wee! Mama yake alivaa hiyo, na yeye sasa. Za dukani zina watu wake, wenye mifereji nyumbani na mtumishi wa kufua."

"Na mbona ulimuuzia mume wangu?"

"Mumeo ni yupi?"

"Kisilu. Wa Kiboko."

"Yule! Kifua mbele?" Hasina aliangua kicheko mpaka bangili zikalia. "Nilimuuliza, 'Baba, maji mnayo?' Akaniambia, 'Mto uko.' Hakuniambia mto wenyewe hugeuka mchanga. Sasa mwenye kuuza kamba, mwanangu, awe anamfuata kila mnunuzi aone anafunga nini?"

Kicheko kilikatika Kaluki alipomfungua mtoto. Hasina aliinama, akatazama vidonda, akashika mdomo.

"Subhanallah! Mtoto wa watu!"

Alimwosha Mutindi kwa maji ya vuguvugu, akampangusa, akamlaza juu ya kipande cha kanga. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, mtoto alinyamaza.

"Niuzie hivi," Kaluki alisihi. "Chukua kuku wote wawili."

"Haviuzwi."

"Basi nikatie kanga mpya, pale rafuni."

"Mpya ina wanga, itamchoma vilevile. Kanga hulainishwa na miaka, si na sabuni. Ibebe watoto, ifunge mizigo, ifute machozi, ndipo ifae kumfunga mtoto. Miaka hiyo hakuna duka linaloiuza." Hasina akamtazama. "Huna mama mkwe, wewe?"

Kaluki aliinamisha kichwa. "Ninaye."

"Basi umekosea njia. Duka lako liko kule ulikotoka. Nenda na hiki kimoja, mtoto asiungue njiani, na kuku wako uende nao."

Alasiri ya siku iliyofuata, Kaluki alisimama mlangoni mwa Ndila. Mama mkwe alikuwa akitwanga mahindi ya muthokoi, kuyatoa maganda. Mchi ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka, kana kwamba uani hapakuwa na mtu.

"Mwaitu," Kaluki aliita, yaani mama kwa Kikamba, neno ambalo hakuwa amelitumia tangu katoni ile ifike.

"Ni nani ananiita mama?"

"Ni mimi. Nimekuja kuomba."

"Watu wa Kiboko huomba? Nilidhani hununua."

Kaluki alipiga magoti pale penye makapi ya mahindi, akamfungua Mutindi, akamlaza mbele ya kinu. Mchi ukabaki angani. Ndila aliyaona mapaja yale, na uso wake wote ukaanguka.

"Zile leso nilizokuletea ziko wapi?"

"Zilivalishwa sanamu za shambani."

"Kazivue."

"Mbuzi wamezila, mwaitu."

"Mbuzi wa nani?"

"Wa Mzee Kiilu."

Kaluki alifumba macho akingoja kufukuzwa. Badala yake akasikia sauti kama ya maji yanayochemka, akafumbua, akamwona mama mkwe ameshika kinu kwa mikono miwili, mabega yakitikisika.

"Ndiyo maana!" Ndila alisema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Miezi yote hii maziwa ya mbuzi wa Kiilu yana ladha ya leso ya shangazi Kalondu, nami nikadhani ni uzee wa ulimi wangu!"

Kaluki alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akashindwa kukirudisha.

"Nyamaza. Machozi yako yana chumvi, na chumvi tunayo ya kutosha kisimani." Ndila alifungua leso aliyojifunga kiunoni juu ya gauni lake. Ilikuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Ungeweza kuona mlima wa pili kupitia humo. Akaushika upindo kwa meno.

"Hapana, mwaitu! Hiyo ndiyo uliyombebea Kisilu!"

"Kwani mwanangu aliiacha kavu?" Ndila alijibu kupitia meno. "Baba yake huyu mtoto aliikojolea mwaka mzima. Huu ni urithi wa mtoto."

Akavuta. Leso ikapasuka kwa sauti ndogo, laini, kama mtu anayevuta pumzi. Kipande cha kwanza, cha pili, hadi cha nane. Alimfunga mjukuu wake kwa vidole vilivyojua kazi, akampakata, na Kaluki alipompa titi pale pale penye kinu, Mutindi alilishika, akanyonya hadi akasinzia, ndevu za maziwa zikimtiririka kidevuni. Kwa wiki mbili Ndila alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba vipande vingine, na kila mama alipotoa chake aliulizwa kama ana uhakika hakimfai mbuzi wa Kiilu zaidi. Vidonda vikakauka, ngozi mpya ikaota, na mashavu yakarudi mahali pake.

Mbachao ni mkeka mkuukuu uliochanika pembeni, nao msala ni ule mzuri wa mpita njia, ambaye akishamaliza kusali huukunja, akaenda zake. Kaluki aliutupa wake kwa mbuzi, na kidogo tu amtupe na mwana. Alipoulizwa na wake wa vijana waliomfuata ni nepi gani bora, hakutaja duka wala rangi. Aliwajibu kwa maneno haya tu: usiache mbachao kwa msala upitao.