Sikuzani Akalia Ndoo ya Bosi

Hii nimetumiwa na shemeji yangu asubuhi. Nimecheka peke yangu jikoni, nikaona si haki. Isome, halafu mtumie na bosi wako kama una ubavu.

Bwana Ngwembe alikuwa na kiwanda cha mikate. Mtu mwema, lakini mbishi, na pale kiwandani hakuna aliyewahi kumwambia hapana. Hata zimamoto walipokuja kutoa mafunzo, yeye alisinzia mstari wa mbele na wafanyakazi wakawa wanangoja soda. Aliyesikiliza ni mmoja tu, Sikuzani, mama wa kupanga mikate kwenye trei.

Siku moja, saa nne asubuhi, mashine ya kukandia unga ikaanza kutoa moshi, mara mota ikawaka moto. Bwana Ngwembe akabonyeza swichi ya ukutani, mashine ikasimama. Akakimbilia bombani kujaza ndoo.

Ilipojaa, akageuka kidogo kukunja mikono ya shati. Kurudisha macho, akamkuta Sikuzani ameikalia ndoo, sketi imezama majini.

"Inuka, wewe mama. Kiwanda kinaungua."

"Siinuki, bosi. Kwanza izimwe swichi kuu."

Akamvuta mkono, mama hakung'oka. Akiwa amekaa vilevile, akawaambia wenzake watoke nje wote, na aliye karibu na mlango akazime swichi kuu. Ilipozimwa ndipo akainuka, akachukua mtungi wa kuzimia moto, akasimama mlango ukiwa nyuma yake, akapuliza kwenye shina la moto. Alishaamua kwamba usipozimika upesi atatoka na kuwapigia zimamoto. Ukazimika.

Lakini unga wote wa siku ile ulijaa poda ya ule mtungi. Bwana Ngwembe, kwa aibu ya kuzuiwa mbele ya watu wake, akamwambia akusanye vitu vyake aende. Sikuzani alikuwa na watoto wanne na hakuwa na kazi nyingine. Hapo roho iliniuma kweli.

Kabla hajafika getini, fundi wa umeme aliyeitwa kukagua mashine akaingia. Akafungua ile swichi ya ukutani, akaguna. Nyaya zilikuwa zimefungwa kinyume: ukiizima, mashine inasimama, lakini umeme unabaki ndani yake. Akaiona ile ndoo, akauliza nani alitaka kumwaga maji. Watu wote wakamtazama bosi.

"Mzee," fundi akasema, "saa hizi tungekuwa tunakuchangia sanda."

Bwana Ngwembe akakaa juu ya gunia la unga. Akaagiza Sikuzani arudishwe, akamwomba radhi mbele ya wote. Kisha akamuuliza kama kweli hakumwogopa hata kidogo.

"Nilikuogopa sana, bosi. Ila nilimwogopa zaidi mama watoto wako. Ningekwenda kumwambia nini?"

Kiwanda kizima kikaangua kicheko, na bosi akacheka kuliko wote, huku anafuta machozi.

Funzo: Moto wa umeme haukimbiliwi kwa ndoo ya maji, kata umeme kwenye swichi kuu, toa watu, na ukiona hauzimiki upesi, toka na wewe. Na mfanyakazi anayethubutu kukuzuia usife, usimfukuze.