Nungunungu na Kitanda chenye Jiwe

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia puani? Kuitikia ni kwa tumbo. Paukwa!

Pakawa!

Sasa hapo. Wadogo sogeeni mbele, wakubwa kaeni nyuma. Na wewe uliyemaliza kidato cha sita juzi, unayejifanya huisikii hadithi, njoo ukae hapa karibu yangu kabisa. Hii ni yako.

Hapo zamani za kale, wakati wanyama nao walikuwa wakipanga foleni ya kwenda chuo, palikuwa na Nungunungu. Binti mzuri, miiba mirefu, macho madogo. Nyumbani walimwita Sikudhani. Nungunungu huyu alipenda mizizi. Akiona mzizi, anauchimba. Akiuchimba, anaunusa. Akiunusa, anauuliza, "Wewe unatibu nini?" Mzizi haujibu. Basi akasema, "Nitakwenda chuo nikajue."

Siku hizo aliyetaka chuo alipitia kwa Tumbili. Tumbili alikuwa na kibanda cha steshenari njiapanda. Fomu zake, kalamu yake, haraka yake.

"Wa kwanza."

"Pundamilia."

"Bwawani. Wa pili."

"Kanga."

"Bwawani. Wa tatu."

Kalamu ikaenda chwi, chwi, chwi. Msituni kulikuwa na vyuo viwili, lakini mkono wa Tumbili ulijua kuandika kimoja tu. Nungunungu akafika mbele, na kabla hajafungua mdomo, Tumbili alikwisha kuandika herufi ya kwanza.

Mama yake alikuwa nyuma yake, ameshika pochi. "Tumbili, ngoja kwanza. Sikudhani, huko Bwawani wanafundisha mizizi?"

"Sijui, mama."

"Umeuliza?"

"Sijauliza. Lakini wote wanakwenda. Na geti lao lina maua."

"Wewe unakwenda kusoma geti?"

Foleni nzima ikacheka. Nungunungu akaona aibu, akachukua fomu yake na kuondoka nayo, Tumbili akimwita huku kalamu iko hewani. Kesho yake asubuhi akafunga safari, tepe tepe, kwenda kujionea mwenyewe.

Bwawani akakuta geti kweli. Maua huku, maua kule, ndege Heroe mwekundu amesimama mguu mmoja kukaribisha wageni. Ndani ya maji alikuwepo Kiboko, mkuu wa chuo, pua tu zikionekana.

"Shikamoo, mkuu. Hapa mnafundisha nini?"

"Marahaba. Mwaka wa kwanza, kuzama. Mwaka wa pili, kuzama zaidi. Mwaka wa tatu, kuibuka."

"Na mizizi?"

Kiboko akafikiri. Mapovu yakatoka, bu, bu, bu. "Mizizi huwa tunaikanyaga."

Nungunungu akashukuru, akaaga. Tepe tepe, hadi Shimoni. Geti la Shimoni lilikuwa shimo. Ndiyo, shimo, na kibao kimelala chali kama kimechoka. Akaingia. Ndani akamkuta Mwalimu Mhanga, mchimba mashimo, masikio marefu, pua ndefu kuliko masikio, amezungukwa na wanafunzi wanaotafuna mzizi na kukunja nyuso. Nungunungu akamvuta pembeni mwanafunzi wa mwaka wa tatu.

"Mnashiba hapa?"

"Siku nyingine."

"Mnajifunza?"

Yule alifungua kiganja akaonyesha mizizi mitano, akaitaja mmoja mmoja, huu wa tumbo, huu wa jino, huu wa mtoto asiyelala. Nungunungu akasikia moyo unamruka. Hapo hapo akajaza fomu kwa mkono wake mwenyewe. Aliuliza chakula, aliuliza masomo, aliuliza hata rangi ya mizizi. Kitanda hakukiuliza.

Mmeona eh. Mjanja huyo, hakuuliza kitanda.

Barua ikaja. Amechaguliwa. Mama akapika, majirani wakaja, vigelegele vikapigwa. Godoro likafungwa kamba, ndoo ikajazwa vikorokoro. Chini kabisa ya barua kulikuwa na mstari mdogo: vitanda vya Shimoni ni vichache, kwa hiyo wanafunzi hubebana, wawili kitanda kimoja. Mwanafunzi mpya ambaye hadi Ijumaa ya kwanza saa tisa alasiri hajapata wa kubebana naye, nafasi yake ya chuo anapewa mwingine.

Vigelegele vikakatika. Kila mtu akaitazama ile miiba.

"Wawili kitanda kimoja," Kanga akasema, maana Kanga hajui kunyamaza. "Na wewe. Mwenzangu, ungejipaka tope. Tope la mfinyanzi, likikauka linalaza kila kitu."

"Jitambulishe tu," mama akasema. "Fika, sema jina lako, uliza."

Mnadhani alimsikiliza nani? Haya, mnajua. Njiani akajibingirisha kwenye tope, bingiri, bingiri, akakauka juani. Miiba ikalala yote. Akatokea Shimoni Jumatatu akiwa laini na mviringo kama boga lenye miguu.

Chumba namba saba kilikuwa na vitanda viwili. Kwenye kimoja alikaa Digidigi wa mwaka wa pili, msafi wa nafsi na kwato, amepanga madesa yake ya masomo, jani juu ya jani. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na jiwe kubwa la mviringo, limetundikwa soksi.

"Karibu, mdogo wangu," Digidigi akasema. "Wewe ni nani?"

Nungunungu akajibu, "Mimi ni nguruwe. Wa kwetu ni wadogo wadogo."

"Una wa kubebana naye?"

"Sina."

"Basi bebana nami. Si unaona mimi nilivyo mwembamba."

"Na lile jiwe?"

"Tumelikuta. Linafaa kwa soksi."

Basi wakabebana. Jumanne ikapita, Jumatano ikapita. Digidigi alikuwa mkarimu, alimwonyesha wapi pa kula na mwalimu gani haulizwi swali akiwa na njaa. Lakini Nungunungu alikuwa na raha gani? Haogi, tope litaloa. Hajinyooshi, tope litapasuka. Hacheki kabisa, maana nungunungu akicheka, miiba husimama, ndivyo alivyoumbwa. Wenzake wakicheka, yeye anahesabu vidole. Alikuwa amepata kitanda, na hakuwa na usingizi.

Alhamisi, darasani. Mwalimu Mhanga akasimulia siku alipokuwa kijana akaula mzizi bila kuunusa kwanza. Mzizi wenyewe ulikuwa mkia wa Ngiri aliyelala.

Darasa likaanguka kwa kicheko. Digidigi akacheka hadi akalia. Nungunungu akabana midomo. Akabana masikio. Akakumbuka misiba yote ya ukoo wao. Kisha Mwalimu akaigiza alivyoutafuna.

Ka!

Ufa mgongoni.

Ka, ka, kacha!

Ufa kila mahali.

Chwaaa! Miiba yote ikasimama. Tope likaruka, bonge moja likaziba pua ya Mwalimu Mhanga, na pua ile si ya kuzibika kwa bonge dogo. Madesa ya Digidigi, ya wiki nzima, yakabaki yamechomekwa kwenye miiba kama nguo kwenye kamba. Na Nungunungu, maskini, alikuwa bado anacheka, hawezi kuacha, na kila akicheka miiba inalia chaka, chaka, chaka.

Jioni Digidigi akamkunjia godoro taratibu.

"Siyo miiba, mdogo wangu. Ni kwamba ulinidanganya." Akafikiri kidogo. "Na miiba pia. Nina ngozi nyembamba mimi."

Nungunungu akalitandika godoro sakafuni, kati ya ndoo na mlango.

Ijumaa ikafika. Saa tano. Saa sita. Bweni zima lilijua sasa kwamba yule boga ni nungunungu. Asiyejua alikuwa Mama Ngiri peke yake, mlezi wa bweni. Nje ya geti alisimama Panyabuku, wa akiba, ndoo mkono huu, godoro mkono ule, anangoja kuona nani atakosa kitanda ili yeye aingie. Kila akipitwa na mtu anasalimia. Hata kumchukia ilikuwa vigumu.

Nungunungu angeweza kugonga milango. Vyumba vilikuwa ishirini. Hakugonga hata mmoja. Aibu ilimkalia kifuani. Akaona ni heri afukuzwe kuliko aambiwe hapana mara ishirini. Saa nane alikuwa ameketi sakafuni chumba namba saba, peke yake, ameegemea kile kitanda cha pili, akimwaga machozi ndani ya ndoo yake mwenyewe.

"Ni heri yako, jiwe," akasema. "Una kitanda kizima, na hakuna anayekuogopa. Mimi nimeijua mizizi saba kwa siku nne. Saba. Na kesho niko nyumbani kumweleza mama kwamba sikujitambulisha."

"Samahani, dada," jiwe likasema. "Mimi si jiwe."

Nungunungu akaruka, chaka! Ndoo ikabiringika, ngarangara, hadi mlangoni.

Lile jiwe likafunguka polepole. Kikatoka kichwa kidogo, chembamba, chenye soksi juu yake. Alikuwa Kakakuona, magamba kuanzia utosini hadi mkiani, na macho ya mtu anayeomba radhi kwa kuzaliwa.

"Uko hapo tangu lini?"

"Tangu Jumatatu asubuhi. Nilipofika tu, wakanizunguka. Unajua wanavyotufanya sisi akina Kakakuona, mtu akituona anataka tumtabirie. Wakaniwekea maji, wakaniwekea mtama, wakaniwekea madesa, wakaniuliza mtihani utatoka nini. Mimi mwenyewe ni mwaka wa kwanza, dada. Nitajulia wapi? Nikajikunja. Wakaenda kuita wengine. Waliporudi wakaona jiwe, basi nikakaa jiwe."

"Siku tano? Unakula nini?"

"Mchwa wa ukutani. Si wabaya. Tatizo ni soksi."

Nungunungu akacheka. Hakujizuia, hakuhesabu vidole. Chaka, chaka, chaka. Kakakuona akaitazama ile miiba bila kurudi nyuma.

Nungunungu akavuta pumzi.

"Mimi ni Nungunungu," akasema. "Nina miiba. Nikicheka inasimama. Naomba nibebane nawe."

"Kumbe hilo ndilo jambo?" Kakakuona akasogea ukutani. "Panda."

Akapanda. Miiba ikagusa magamba, kwaru, kwaru, kwaruza. Nungunungu akafumba macho kungoja kilio. Akasikia mtu anakoroma kwa raha.

"Rudia," Kakakuona akasema. "Chini kidogo. Kushoto. Hapo hapo, dada yangu. Mkono wangu haujawahi kufika hapo tangu nizaliwe."

Wakacheka wote wawili, mmoja akilia chaka, mwingine akilia kwaru, hata hawakusikia kengele ya saa tisa. Walichosikia ni kwato. Ko, ko, ko. Mama Ngiri na orodha yake.

Sasa sikieni. Ngiri haingii shimo kwa kichwa. Ngiri huingia kinyumenyume, ili meno yabaki mlangoni. Na Mama Ngiri alikuwa na desturi yake: anaingia chumbani kinyumenyume, anaketi kwenye kitanda cha karibu, puu, ndipo anaandika majina. Vyumba sita alikwisha kuketi hivyo. Chumba namba saba ndicho hiki, na kitanda cha karibu na mlango ndicho kile.

Mlangoni kukatokea mkia. Ukafuata mwili mpana. Mlango wote ukajaa Mama Ngiri.

Nungunungu akahisi miiba inapanda kwa hofu. Angeweza kunyamaza. Tope lilikuwa limemfundisha kunyamaza wiki nzima. Ule mwili ukaanza kushuka. Ukashuka. Ukabaki upana wa kidole.

"Mama Ngiri, usikae," Nungunungu akasema kwa sauti iliyofika hadi nje getini. "Mimi ni Nungunungu. Nina miiba. Na hapa ndipo ninapolala."

Mwili ukasimama hewani. Mama Ngiri akageuza shingo, akaitazama ile miiba, akautazama mkia wake mwenyewe, akajinyanyua pole pole sana.

"Mwanangu," akasema, "katika miaka yangu yote ya ulezi, hakuna aliyejitambulisha vizuri hivyo. Unabebana na nani? Na hilo jiwe?"

"Siyo jiwe."

"Shikamoo, mama," Kakakuona akasema chini ya soksi.

"Marahaba." Mama Ngiri akaandika majina mawili huku amesimama. Tangu siku hiyo huandika amesimama vyumba vyote.

Digidigi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nungunungu akamkabidhi madesa yake, yametobolewa pembeni, yamefungwa pamoja kwa mwiba mmoja, hayapotei tena hata upepo uje. Digidigi akayageuza huku na huku. "Ungeniambia hivi Jumatatu," akasema, na akacheka.

Ndipo nyuma yake ikasikika sauti ndogo. Panyabuku, ndoo mkono huu, godoro mkono ule. Alikuwa ameisikia ile sauti kutoka chumba namba saba akajua nafasi aliyoingoja imekwenda, na badala ya kurudi kwao akaingia.

"Samahani, dada Digidigi. Sasa kwako wewe, pana nafasi?"

Na palikuwa na nafasi.

Basi wanangu, na wewe kidato cha sita uliyeacha kujifanya husikii: chuo usikichague kwa geti wala kwa foleni. Nenda, angalia, uliza wanafundisha nini. Na ukifika, usijipake tope. Sema jina lako, sema ulivyo, omba unachokihitaji. Kuna aliyejikunja chumba hicho hicho, anangoja kuulizwa.

Hadithi yangu imefika bwenini, imepata wa kubebana naye, imeishia hapo.