Vigae Elfu Kumi na Kimoja

Hapo zamani, katika mji ambao watu walitandaza sakafu kwanza ndipo wajenge kuta, Jumbe alitaka baraza. Fundi Mbwarahaji akaagiza vigae elfu kumi kwa Mwanashee mfinyanzi, apange safu mia za vigae mia mia. Mwanashee akafinyanga, akachoma, na kwa desturi ya wafinyanzi akatia kimoja cha nyongeza. Na nyongeza, jamani, hairudishwi wala haitupwi. Kuitupa ni kumtukana aliyekupa.

Ikawa kasheshe. Safu mia zilitimia, kimoja kikabaki. Jumbe akatangaza, "Atakayevipanga safu sawasawa, kisibaki hata kimoja, nitampa ng'ombe wangu wa maziwa. Na isiwe safu moja ndefu, maana hiyo ni njia, si sakafu."

Mwanashee alikuwa na mjukuu wa miezi mitatu aliyefiwa na mama. Aliposikia maziwa, hakukaa. Akapanga viwili viwili, kikabaki kimoja. Akapanga vitatu vitatu, vikabaki viwili. Alipotaka kupanga vinne vinne, Mwalimu Silima wa chuoni akamzuia.

"Bibi, viwili vikikataa, vinne navyo vitakataa. Ruka, na kila hesabu inayogawanyika kwa iliyokataa, iruke pia. Na ukifika mia hujapata, acha kabisa. Safu ikizidi vigae mia, basi idadi ya safu haifiki mia, na idadi hiyo utakuwa umekwisha kuijaribu."

Akapanga vitano vitano, saba saba, kumi na kimoja kumi na kimoja. Kila siku hesabu moja, na kila iliyokataa akaiandika ukutani kwa mkaa. Siku ya ishirini alifika sabini na moja, vikabaki sitini na kimoja. Mgongo ukamkataa. Akajilaza akilia, maana mtoto alikuwa akinyweshwa maji ya mchele.

Kesho yake Mbwarahaji akapita, akausoma ukuta. Hesabu iliyofuata ilikuwa sabini na tatu. Akapanga mara moja tu, zikatoka safu mia moja thelathini na saba, hakikubaki kitu.

Wakafika kwa Jumbe wote watatu.

"Bibi alipata hapana ishirini," akasema fundi. "Mimi nimepata ndiyo. Na mke wangu kajifungua mapacha, maziwa hayamtoki."

"Bila mimi," akasema Mwalimu, "hata leo angekuwa kwenye vinne na sita na nane. Nina mayatima saba chuoni, wanakunywa uji mtupu."

Mwanashee aliongea taratibu. "Fundi alijaribu moja kwa sababu mimi nilijaribu ishirini."

"Lakini nyongeza iliyotuletea taabu si yako?" akauliza Jumbe.

"Ni yangu, Jumbe. Niliitia kwa moyo mweupe."

Jumbe akaishika kamba ya ng'ombe mkononi. Mwanashee hakumtazama mtu, aliitazama kamba tu. Ng'ombe ni mmoja, na kila nyumba ina mtoto anayelia. Haya, nyinyi mliokaa mkinisikiliza, kamba mngempa nani? Je, nani alistahili?