Kinu Kilichobeba Baiskeli

Cha kutengeneza huinuliwa, hakipinduliwi.

Bibi Skola aliyasema maneno hayo akiwa na mwiko mkononi, siku ambayo mjukuu wake Imelda alipika wali kwa mara ya kwanza ukatoka bokoboko. Gervasi, kaka yake Imelda, alikuwa ameshaitoa sufuria uani na kuipindua mbele ya watoto wa jirani, ili waone wali unavyong'ang'ania humo usianguke.

"Njooni mchukue gundi," alikuwa akiwaita. "Leo tunabandika mabango."

Bibi Skola alimpokonya sufuria, akaiweka wima juu ya mafiga, ndipo akasema alichosema. Imelda alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Bibi, hiyo methali shuleni hatujawahi kufundishwa."

"Shuleni ilikwenda kwa miguu yake, lakini ilizaliwa hapa uani. Kaeni basi. Na wewe Gervasi, kaa karibu zaidi. Asili yake ni hii."

Zamani za ngumbaru, watu wazima walipokuwa wakijifunza kusoma na kuandika jioni baada ya kazi za shamba, alikuwepo katika kijiji hiki cha jirani na Ifakara mama mmoja aitwaye Aureliana. Huyo ndiye mama mzazi wa Bibi Skola, na wakati huo Skola mwenyewe alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Nchi ya huku ni tambarare kama sinia, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na vitu viwili: kinu cha kutwangia mpunga na baiskeli ya kuupeleka sokoni.

Aureliana alikuwa ameanza ngumbaru akiwa hajui hata kalamu inashikwa upande gani. Baada ya miaka miwili alikuwa akisoma maandishi ya kwenye magunia ya mbolea, na akinunua karanga zilizofungwa kwa gazeti alizila taratibu, asije akalitia mafuta kabla hajamaliza habari. Sasa ulibaki mtihani wa mwisho. Ungefanyika Jumamosi, katika shule ya kijiji cha pili, maili nane kutoka nyumbani. Anayeshinda angepata cheti, anayekosa kufika angesubiri mwaka mzima, na mwaka ni mrefu kwa mama mwenye mtoto mchanga na shamba la mpunga.

Tatizo lilikuwa baiskeli. Mara mbili ilikuwa imemwangusha njiani. Ilikwenda vizuri, kisha ikipita kwenye shimo, usukani ulichepuka ghafla kama mbuzi aliyeona majani, na Aureliana alijikuta chini na madaftari yake. Akiinuka na kuisimamisha, iliona haya ikaenda vizuri tena.

Mumewe, Remigi, aliitengeneza kama kila mtu alivyotengeneza baiskeli siku hizo. Aliilaza ubavu, kisha akaipindua miguu juu, ikasimama kwa siti na usukani, akazungusha gurudumu la mbele kwa kiganja. Gurudumu lilizunguka limenyooka, halikugusa popote.

"Umeona mwenyewe, Mama Skola," alisema. "Baiskeli ni nzima. Mbovu ni dereva."

Mara ya pili Aureliana alipoanguka akarudi na kiwiko kilichochunika, Remigi aliipindua tena, akazungusha tena, akaona uzima uleule. Safari hii alisema mbele ya mama yake na mbele ya jirani yao Faustini, "Ukianguka mara ya tatu naitia kufuli. Sitaki Skola akose mama kwa ajili ya a, e, i, o, u."

Remigi hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, na hofu yake ikitoka mdomoni ilikuwa ukali. Lakini maneno yake yalimkaa Aureliana kama mwiba wa samaki. Kutoka siku hiyo aliendesha akishuka kila penye shimo, na hata darasani alianza kusita kwenye maneno aliyokuwa ameyazoea, kana kwamba dereva mbovu hawezi kuwa msomaji mzuri. Zaidi ya hayo, kila baiskeli ilipopinduliwa kitu kilivunjika. Kengele ilibonyea, siti ikachanika, na kikapu cha mbele alichokisuka mwenyewe kwa ukindu kikawa bapa kama chapati.

Jumatatu ya wiki ya mtihani alipeleka mchele sokoni, na karibu na soko aliona jambo. Katika karakana ya misheni kulikuwa na chuma chenye miguu mitatu na mkono wa kubana. Baiskeli ilikuwa imeshikwa hewani, imesimama wima kama inavyotembea, magurudumu yote mawili yanazunguka, na fundi amekaa kwenye kigoda anaitazama uso kwa uso. Aureliana alisahau mchele wake. Akauliza bei. Alipoambiwa, alishukuru kwa adabu akaondoka, maana hata kama angeuza mpunga wote wa ghalani, angepata miguu miwili tu kati ya ile mitatu.

Njiani alijiambia: chuma sina, lakini kazi ya chuma kile ni kuinua tu.

Jumatano alijaribu kamba. Aliifunga kwenye mwamba wa paa, akaanza kuvuta baiskeli juu. Kabla tairi halijaacha ardhi, nyasi zikadondoka, mwamba ukalia kriii, na mama mkwe wake, Bibi Kandida, akatoka ndani na vumbi kichwani.

"Mwanangu, hiyo baiskeli inapanda na nyumba nzima?"

Alhamisi akakata mti wa mpera wenye tawi lililokunjika kama kiwiko cha mtu. Alilizungushia tawi hilo tyubu kuukuu lisikwaruze chuma, akachimba shimo uani, akausimika mti na kupitisha bomba la juu la baiskeli kwenye lile tawi, kama koti kwenye msumari, ingawa tawi lilikuwa la chini na matairi bado yaligusa mchanga. Ulisimama vizuri sana kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Kisha mchanga wa uani, ambao ni laini kama unga, ukaachia, na mti, baiskeli na matumaini vikalala pamoja juu ya mkeka wa mpunga. Kuku wakafurahi. Faustini, aliyekuwa akipita na jembe, akafurahi zaidi.

"Mama Skola, mpera wako umezaa baiskeli, lakini haijaiva."

Ijumaa asubuhi Aureliana alikaa kizingitini akimnyonyesha Skola, macho ameyakaza kwenye ule mti. Ulihitaji mguu mzito wa kuuinua zaidi, usiozama wala kuyumba. Macho yake yakahama, yakatua kwenye kinu cha Bibi Kandida.

Kinu kile kilikuwa cha mti wa mkongo, kizito hata wanaume wawili walipumzika njiani wakikihamisha. Bibi Kandida alikuja nacho siku aliyoolewa, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, kukiegemea, wala kukisema vibaya. Aureliana alimfunga mtoto mgongoni, akaenda akapiga magoti.

"Mama, naomba kinu."

"Utwange nini? Mpunga wa leo ninao mimi."

"Sitwangi, mama. Nataka kukisimamishia ule mti, ili baiskeli ikae juu niitazame vizuri. Kesho ndiyo mtihani."

Bibi Kandida alimtazama, akatazama kiwiko kilichochunika. Hakuwa amesoma hata siku moja, lakini kila jioni alibaki na Skola wakati Aureliana alipokwenda darasani, na kila usiku alimwomba amsomee chochote, hata kama ni gunia.

"Chukua," alisema. "Lakini kabla jua halijafika utosini nataka kinu changu. Wanaume wakirudi hawali baiskeli."

Aureliana alitumbukiza mti ndani ya kinu, akagongelea vipande vya matofali pembeni, akajaza mchanga uliolowa, akashindilia kwa mchi. Akausukuma kwa bega, nao haukutikisika. Akausukuma kwa mgongo, mtoto akacheka. Lakini kuiinua baiskeli mpaka kwenye tawi peke yake, na mtoto mgongoni, hakuweza. Hapo ndipo Remigi aliporudi kutoka shambani, na Faustini nyuma yake.

"Leo mnatwanga baiskeli?" Faustini aliuliza. "Mtuwekee na sisi pumba zake."

"Njoo na ungo wako upepete mwenyewe," alijibu Aureliana.

Remigi alizunguka kinu mara moja, mikono nyuma, kama mkaguzi. "Hii baiskeli nimeipindua mara mbili ikaonekana nzima. Sasa ukiitundika ndiyo itaugua?"

"Nisaidie tu kuinua, Baba Skola. Kama ni nzima, tutaiona nzima."

"Haya. Faustini, shuhudia."

Remigi akaishika baiskeli kwa bomba la juu, akaiinua kwa mkono mmoja ili watu waone nguvu zake. Matairi yalipoachana na ardhi tu, gurudumu la mbele likachomoka. Lilidondoka, likadunda, likaanza safari yake uani. Lilipita katikati ya kuku, likazunguka jiko, likaenda kulala miguuni pa Bibi Kandida kama mgeni aliyekuja kuamkia.

Remigi alibaki ameshika baiskeli yenye gurudumu moja.

Aureliana aliinama akaokota nati iliyodondoka mchangani. Ilikuwa kubwa kuliko ekseli yake, na ndani yake kulikuwa na kipande cha nailoni ya bluu, kimeviringishwa ili ishike. Nailoni ile aliijua. Ilitoka kwenye mfuko wa mbegu ambao Remigi aliukata mwezi uliopita, siku alipoziba pancha. Akaelewa yote kwa mara moja. Baiskeli ikiwa chini, uzito wake ulilikandamiza gurudumu likae mahali pake, mpaka lilipokutana na shimo. Ikipinduliwa, gurudumu lilikaa kwa uzito wake lenyewe, likaonekana limenyooka. Kasoro ilikuwepo siku zote, ila haikuwa imeinuliwa ili ionekane.

Alipoinua macho, alimwona mumewe anaitazama ile nailoni. Naye alikuwa ameijua. Masikio yake yalikuwa yamemshuka. Nyuma yake Faustini alikuwa ameshajaza pumzi kifuani, na kila mtu kijijini alijua kuwa neno likitoka kinywani mwa Faustini saa nne, saa sita liko Ifakara.

Neno la kumalizia lilikuwa kwa Aureliana. Angeweza kusema: dereva mbovu ni nani sasa? Alikuwa na haki nalo, na lilimfika mpaka kwenye meno.

"Afadhali umeiinua wewe, Baba Skola," alisema. "Mimi lingenidondokea mguuni."

Akaifumba nati mkononi, nailoni isionekane.

"Fundi," Faustini akaanza, "gurudumu lime..."

"Limekuja kumwamkia mama," Aureliana akamkata. "Wewe mbona hujamwamkia tangu ufike?"

Faustini akashtuka. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," alisema Bibi Kandida, naye hakumtazama Faustini hata kidogo. Alikuwa akimtazama mwanawe.

Remigi aliipachika baiskeli kwenye tawi polepole, akafunga kwa mpira. Akakohoa. "Mkono wako, Mama Skola. Fungua." Aureliana akafungua. Remigi akaichukua ile nati, akamwonyesha Faustini mwenyewe. "Hii niliifunga mimi. Ile yake ilinipotea mchangani siku nilipoipindua kuziba pancha. Nikaweka hii, nikasema nitatafuta nyingine, nikasahau. Kisha nikasema mbovu ni mke wangu." Akaigeuza nati kiganjani. "Kusema hivyo ilikuwa rahisi kuliko kutafuta nati."

Hakuna aliyecheka. Bibi Kandida aliokota gurudumu, akalileta akilisukuma mbele yake kama mtoto anayecheza.

"Mimi sijui baiskeli," alisema, "lakini macho ninayo. Mwanangu, mara mbili umeipindua hii, ukavunja kengele, ukachana siti, na ugonjwa hukuuona. Mara mbili umempindua na mkeo mbele za watu, naye ukamvunja moyo usiokuwa na kasoro. Leo yeye amepata nafasi ya kukupindua wewe, na Faustini yupo amekaa tayari. Umeona alivyofanya. Cha kutengeneza huinuliwa, hakipinduliwi." Akampa gurudumu. "Sasa fanyeni haraka. Nataka kinu changu."

Haraka haikuwezekana. Remigi alikwenda hadi sokoni kutafuta nati mbili mpya, maana ya upande wa pili nayo ilikuwa imekwisha meno, akarudi jua limeshavuka utosini. Lakini baiskeli ikiwa juu ya kinu, wima, mbele ya macho yao wote wawili, walikuta na mengine: spoku mbili zimelegea, pedeli imejaa mchanga. Remigi alikaza, Aureliana akazungusha, mpaka baiskeli nzima ikawa inalia sauti moja laini, kama cherehani.

Jumamosi asubuhi Remigi aliiinua tena bila kuambiwa, akaitikisa gurudumu kwa gurudumu, kisha akaishusha. "Nenda," alisema. "Na mashimo usishuke. Pita."

Aureliana alipita. Alifika shuleni mapema. Swali la mwisho la mtihani lilisema: andika sentensi yako mwenyewe, isiyotoka kitabuni. Wenzake waliandika kuhusu mvua na uhuru. Yeye aliandika yale maneno ya mama mkwe wake. Mkaguzi aliyasoma, akamwita mbele aeleze maana yake, na Aureliana akaeleza yote, kinu na kuku na gurudumu, isipokuwa ile nailoni ya bluu. Watu wa vijiji vinane walikuwa darasani humo. Walirudi makwao na vyeti, na methali pia.

Bibi Skola alinyoosha mwiko kuelekea ndani. Cheti cha Aureliana hadi leo kiko ukutani kwake, chini ya kioo.

"Na mpunga wa siku ile?" Imelda aliuliza. "Nani aliutwanga, kama kinu kilichelewa kurudi?"

"Baba yangu, Remigi. Jioni, hapa hapa uani, na Faustini anamwangalia. Wanasema alitwanga vibaya sana. Mama yangu akamshika mikono, akamwonyesha namna ya kuupokezanisha mchi."

Gervasi alichora mchangani kwa kidole kwa muda. Kisha akainuka, akachungulia sufuria.

"Imelda," alisema, "maji ulipima kwa kikombe gani?"

"Kile kikubwa cha bati."

"Basi ndiyo hapo. Kile ni cha chai ya babu, kinaingiza vikombe viwili vya kawaida. Lete kile kidogo cha bluu, tupike mwingine, nikuonyeshe. Huu tuutie nazi uwe mashendea, ule wali laini wa kunywewa, wala hakuna atakayesema ni gundi."

Bibi Skola alichukua ungo wake, akawaachia jiko. Akiwa mlangoni alisema, safari hii kwa sauti ya chini kama mtu anayejisemea, wala hakuna aliyemuuliza maana yake:

Cha kutengeneza huinuliwa, hakipinduliwi.